Kichwa cha Samaki Humtazama Mgeni

Ukitaka kumuudhi baharia wa Zhoushan, visiwa vya pwani ya China, pindua samaki mbele yake. Samaki akishaliwa ubavu mmoja, mfupa hutolewa, kisha ubavu wa chini ukaliwa pale pale ulipo. Ukimpindua, meli nayo itapinduka. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Qi Manlou hakuwa mtoto wa pwani. Alizaliwa milimani, Guizhou, na mchana ule, kwa njaa na haraka, alitia vijiti chini ya samaki akampindua bila habari.

Bao, mshika usukani wetu, akaweka vijiti vyake chini.

"Afande," akasema, "kwani huko kwenu mnapanda meli au mbuzi?"

Wenzake wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha midomoni tu.

Na siku yenyewe haikuwa ya mzaha. Manowari ya wageni ilikuwa njiani, na Kapteni Ge alikuwa amemwachia Manlou, msaidizi wake, aongoze meli. Siku hizi kule kwenye karakana za Dalian meli mpya zinashushwa majini kama maandazi ya nyama yanavyotoswa sufuriani, na mojawapo ilikuwa bado haina kapteni. Ge alimwambia wazi: "Ukisimama imara leo, nakupendekeza. Ukimpisha mgeni, unarudi darasani kufundisha ramani." Manlou aliitaka ile meli kwa roho yake yote, wala hakuona haya kuitaka.

Baharini, njia zikikatana, anayemwona mwenzake mkono wa kulia ndiye apishe. Wageni walikuwa wakituona kulia. Zamu ya kupisha ilikuwa yao, mchana kweupe. Lakini enzi za vyombo vyetu vya kutu, haki ilikuwa yetu na kupisha kukawa kwetu vilevile. Mazoea yana taabu. Jamaa wakaiona bahari yote sebule yao.

"Shikilia hapo hapo," Manlou akaamuru.

Bao akashikilia. Manowari ikazidi kukua dirishani upande wa kushoto.

"Afande, tukwepe kidogo tu," akanong'ona. "Baada ya yule samaki, mimi mwili hauniruhusu." Na kweli, mikono yake ilishaanza kuuvuta usukani.

Damu ikamchemka Manlou. Angeweza kufoka, lakini mkono wenye hofu haufokewi ukatulia.

"Bao, mezani kichwa cha samaki huelekezwa kwa nani?"

"Kwa mgeni. Hata huko milimani si mnajua hilo?"

"Na mchana kilielekea wapi?"

Bao akafikiri. "Kushoto, Afande."

"Na kushoto kwetu yuko nani?"

Bao akatazama kushoto, kwenye lile lichuma la wageni. Tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. "Loo. Kumbe umempindua yule."

"Basi nyoosha."

Akanyoosha. Redio ikakoroma, sauti ya mgeni ikitutaka tubadili njia.

"Niko kulia kwako," Manlou akajibu. "Pisha wewe."

Ile manowari ikaja tu, mpaka akaziona kofia za mabaharia wake. Manlou hakubadili amri, na Bao hakutikisa kidole. Ndipo pua ya manowari ikaanza kugeuka, polepole, kwa shingo upande, ikapita nyuma yetu.

Chumba kizima cha usukani kikapiga vifijo. Bao akapiga usukani makofi kama mgongo wa rafiki. Manlou alishika ukingo wa meza, na machozi yakamtoka naye akayaacha.

Kapteni Ge, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote, akainua simu ya makao makuu.

"Wamepisha," akasema. "Aliyeongoza ni Kapteni Qi Manlou."

"Kapteni?" sauti ikauliza. "Hapa tunaye Qi msaidizi."

"Basi mmechelewa kuandika," Ge akasema, akakata simu.