Nyumba Kumi za Marsiana

Kisiwa cha Nyamukeza kina kaskazini na kusini yake kama nchi yoyote yenye heshima, ila mtu akikaanga samaki kaskazini, wa kusini wanameza mate. Kiko ndani ya ziwa, upande wa Biharamulo, na inaelekea Mungu alipofika hapo alikuwa amebakiwa na mawe tu. Juu ya mawe kuna udongo kidogo, juu ya udongo kuna migomba na mihogo, na kando ya migomba waliishi Wazinza wachache waliovua sato, wakaanika dagaa, wakavuka kwenda gulioni Chato na kurudi na chumvi na mafuta ya taa. Huo ndio uliokuwa uchumi. Serikali alikuwa ni yeyote mwenye sauti kubwa siku hiyo, na mara nyingi alikuwa Privatus.

Marsiana alikuwa mjane, nyumba yake iko karibu na gati la mawe. Zamani yeye na mumewe waliwahi kuhamia ng'ambo kulima, ndani ya pori lile la mbung'o, na huko malale yakawachukua binti zao wawili. Walirudi kisiwani na mtoto mmoja mgongoni, Evaristi. Mume naye akaja kufa. Basi Evaristi ndiye aliyebaki, na sasa alikuwa ameshakuwa kijana wa kuinama mlangoni, mwenye kuimba akipiga kasia. Ukitaka Marsiana akuchukie mpaka kiama, mwambie ng'ambo kuna ardhi nzuri.

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Habari zilivuka maji: kila Mtanzania ataishi kijijini, na makao ya watu wachache si kijiji, ni ukaidi. Wa Nyamukeza, wakionekana hawatoshi, wangehamishiwa kijiji kipya ng'ambo. Na kijiji kipya kilikuwa wapi? Ndani ya pori lilelile la mbung'o.

Privatus aliitisha mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "wanataka kaya. Tuhesabuni kaya."

Walihesabu. Wakahesabu tena wakianzia upande wa pili, labda zingeongezeka. Hazikuongezeka.

Marsiana hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, lakini siku hiyo alisimama. Ni lazima niwaeleze kwanza kwamba kila mji pale ulikuwa na vijumba vya wazee nyuma ya nyumba: vya nyasi, kimo cha kiunoni, mlango mmoja, na mafiga matatu madogo mbele. Kila mzee aliyefariki akaacha watoto alikuwa na chake. Asubuhi anaamkiwa, mavuno yakiingia anaonjeshwa wa kwanza. Padre alifika mara moja kwa mwaka, na siku hiyo vijumba vile viliitwa mabanda ya kuku.

"Kaya ni nini?" Marsiana aliuliza. "Si ni mlango, mafiga na jina la mwenyewe? Sasa baba mkwe wangu Bugingo amepungukiwa nini?"

"Amepungukiwa pumzi," mtu mmoja akajibu.

"Serikali imeuliza kaya. Haikuuliza pumzi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha kicheko kikakatika, wakatazamana. Privatus alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Juma hilo nyasi za kuezekea ziliadimika kisiwa kizima. Vijumba viliinuliwa kuta, vikapakwa udongo upande wa ziwani, na wazee ambao hata majina yao yalikuwa yamesahaulika walikumbukwa kwa heshima kubwa. Evaristi aliezeka vijumba vya ukoo wake kwa mkono wake mwenyewe, na cha Bugingo, babu yake aliyefariki zama za Mjerumani, alikiezeka vizuri kuliko vyote.

Aliyekuja kuhesabu alikuwa katibu tarafa, Ansbert, Mhangaza wa Kirushya kule Ngara, kwenye vilima na migomba na maharage, ambako maji mengi kuliko yote mtu huyaona mtungini. Alifika ameshikilia ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili. Kushuka hakushuka. Ili kufika nchi kavu ilibidi mtu akanyage maji mpaka magotini, na Ansbert alisema kwa upole kwamba kazi ya taifa inaweza kufanyika vizuri pale alipo. Basi wakamzungusha. Privatus alikaa ndani ya mtumbwi akimtajia majina, na kwa kuwa kisiwa ni duara, nyumba zilizoonekana mbele zilionekana tena kwa nyuma, na zote zikaandikwa.

"Mkoa unataka vijiji vyenye nguvu kazi," Ansbert alionya. "Wazee watupu siwezi kuwapeleka."

"Wazee?" Privatus alishangaa. "Huyu Bugingo, kwa mfano. Miaka ishirini. Mseja. Nguvu tele."

Walipofika gatini, Ansbert alimwona Evaristi amesimama majini akiushika mtumbwi usiyumbe. "Na huyu kijana?"

"Huyo ni mtoto," Marsiana alidakia kutoka ukingoni. Alikuwa amesikia kwamba vijana huchukuliwa kwenda kuchimba barabara ng'ambo. "Ametoa urefu kwa wajomba zake. Ni mtoto kabisa, bwana katibu."

Ansbert aliziangalia zile ndevu changa kidevuni mwa mtoto, akaandika: mtoto. Watu wengi wanasema alidanganywa. Mimi sisadiki. Bibi yake kule Kirushya alikuwa na kijumba kama hivyo, na mtu hawezi kukulia kando ya kijumba cha mzimu akakisahau. Lakini wilaya ilikuwa imemdai vijiji, na yeye alikuwa amekiona kijiji.

Hivyo Nyamukeza kikawa kijiji, na kijiji hakiwi kijiji bila uongozi. Ilitakiwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati za kila jambo, pamoja na ya usafirishaji, kwenye kisiwa ambacho ukikimbia unatumbukia. Walio hai hawakutosha kujaza viti. Marehemu wakasaidia. Mweka hazina alikuwa mjomba wa Privatus, aliyezama ziwani kabla ya uhuru, na katika tarafa nzima ndiye peke yake ambaye hakuwahi kushukiwa wizi. Marsiana alifanywa balozi wa nyumba kumi: yake, na tisa za wakwe zake. Hakuna balozi aliyewahi kuwa na raia watulivu namna ile.

Wilaya iliagiza ilimwe pamba. Walilima pamba juu ya mawe, mbuzi wakaila, taarifa ikapelekwa kwamba mazao yametumika na wananchi. Kisha likaja jambo zuri kuliko yote, duka la ujamaa, na sukari ikigawiwa kwa kaya. Ng'ambo watu walikunywa chai kwa chumvi. Nyamukeza walikunywa chai ya kunata midomo. Kila mwezi Marsiana alichukua mgao wa nyumba kumi, akaweka kijiko kimoja mlangoni pa Bugingo kama shukrani, na nyingine yote akamkorogea Evaristi. Alimtazama akinywa, akaona kwamba kwa mara ya kwanza amelishinda pori, na moyo wake ukatulia. Alifurahi, na hakuona haya.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Nyamukeza ilikwenda mpaka mwaka wa sabini na nane. Idi Amin akavuka Kagera. Redio ya Privatus ikapiga matarumbeta toka asubuhi, na ukageuka mwezi, mtumbwi ukaonekana unakuja, katibu tarafa ameshikilia ubao kwa mikono miwili, na kando yake mkufunzi wa mgambo.

Hawakushuka. Ansbert alisimama kidogo, akakaa, akazungumza akiwa amekaa. Kila nyumba kumi zitoe kijana mmoja. Nchi imevamiwa.

Nyumba kumi za Privatus zilimtoa Methusela, mpwa wake, kwa sababu wana wawili wa Privatus walikuwa wamekwenda Ukerewe jana yake kutafuta nyavu, na nyavu nzuri, alivyoeleza baba yao, hazipatikani upesi. Ndipo Ansbert akageuza ukurasa.

"Balozi Marsiana. Hapa ninaye mmoja tu anayefaa. Bugingo. Mseja, nguvu tele."

Mawimbi yalipiga mtumbwi, po, po.

"Hayupo," Marsiana alisema.

"Yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Mama, kumficha kijana wakati wa vita ni kosa kubwa. Balozi wake ndiye anayefungwa."

Privatus alikohoa. Kijiji kizima kilimtazama Marsiana, na yeye alijua macho yale yanasema nini: ukifungua mdomo, wote tunahamia kwa mbung'o. Lakini alikuwa amechoka, na aliogopa jambo asilolijua bado, akaona afadhali ukweli.

"Bwana katibu, Bugingo amekufa."

"Lini?"

"Zama za Mjerumani."

Mkufunzi wa mgambo aliangua kicheko. Ansbert hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, bila kumtazama, "Mama, si wakati wa mzaha. Mwezi uliopita Bugingo alichukua sukari."

Marsiana alisikia maji yanatibuka kando yake. Evaristi alikuwa ameshaingia ziwani, maji yamemfika magotini, ameshika ubao wa mtumbwi kama alivyoushika mwaka ule.

"Bugingo ni mimi," alisema.

"Wewe si yule mtoto?"

"Yule ni mdogo wangu. Yuko ziwani."

Ansbert alimtazama ndevu, akapiga alama mbele ya jina.

Marsiana aliingia majini na nguo zake, akamshika mwanawe mkono. "Evaristi! Unakwenda wapi na jina la marehemu?"

"Mama," alimjibu kwa sauti ya chini, akijaribu kutabasamu, "si ulisema mwenyewe? Ana mlango, ana mafiga, ana jina. Alipungukiwa miguu tu. Na wewe gerezani nitakuacheje?"

Akapanda. Marsiana alibaki ndani ya maji mpaka mtumbwi ukawa nukta, na watu wakamwacha, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumshika.

Vita ilikwisha. Methusela alirudi akiwa na kovu shavuni na saa ya mkononi iliyosimama. Kabla hajafika kwao alipita kwa Marsiana, akakaa chini kwenye mavumbi. Alisema Evaristi ameanguka karibu na Masaka. Walimzika vizuri, wenzake wakampigia risasi za heshima, na kamanda akamsifu kwa kirefu. "Alimwita Bugingo, shangazi," Methusela alisema, akalia. "Wote walimwita Bugingo. Nilitaka kusema. Nikaogopa."

Pole za serikali nazo zilikuja kwa jina la Bugingo. Ansbert alizisoma akiwa mtumbwini: kijiji kijivunie shujaa wake Bugingo, na zahanati, itakapojengwa, itaitwa Bugingo. Watu walipiga makofi, na wengine wakaanza kuzoea, wakamzungumzia mzee yule kana kwamba kweli ndiye aliyekwenda. Privatus ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi. Wanawe walikuwa wamerudi, na nyavu nzuri kweli.

Marsiana hakupiga makofi. Kesho yake alikata nyasi, akachimba udongo, akaanza kujenga kijumba mbele ya nyumba yake, upande wa ziwani, mahali pasipojengwa vijumba. Privatus alikuja mbio.

"Dada, desturi unaijua. Kijana aliyekufa hana mtoto hajengewi. Wazee watakasirika."

"Na wakasirike," Marsiana alisema, mikono imejaa tope. "Sukari yao tulikunywa sisi. Vita yao amekwenda yeye."

Privatus, mwenye sauti kubwa kisiwa kizima, alirudi zake kimya.

Kijumba kilikuwa kimekauka ukuta, siku Ansbert alipokuja kuhesabu upya. Wilaya ilikuwa na mpango mpya. Mtumbwi ulizunguka kisiwa kama kawaida, ukafika gatini.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba."

"Naona umeongeza nyumba! Hongera. Nyamukeza inakua." Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. "Ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Anaitwaje?"

Marsiana aliingia majini mpaka magotini, akaushika ubao wa mtumbwi pale alipokuwa akishika Evaristi. "Anaitwa Evaristi. Kwanza ulimwandika mtoto, nami ndiye niliyekutuma. Kisha ulimwandika Bugingo. Leo mwandike jina lake."

Ansbert alikitazama kijumba kile cha kimo cha kiunoni, na mafiga matatu madogo ambayo hayakuwa na jivu. Pengine alimkumbuka bibi yake wa Kirushya. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa, taratibu, akamgeuzia karatasi aone, ingawa alijua hasomi. Evaristi. Kaya moja.

Sukari ilichelewa, kwa kuwa baada ya vita kila kitu kiliadimika, lakini mwezi uliofuata ilifika, na mgao wa Evaristi ulikuwemo. Marsiana aliubeba nyumbani, akaupita mlango wake, akaumwaga wote mlangoni pa kijumba. Kisha aliketi akatazama. Kutwa nzima sisimizi waliingia na kutoka, wakapishana mlangoni, kama pale pana watu.