Barua Zilizozidisha Uzito wa Gari la Bethwel

Jumatatu saa tatu asubuhi, Nerima alimaliza chai akaanza kuwaandikia wateja waliojaza seva. Kazi yake katika kampuni ndogo ya barua pepe mjini Nakuru ilikuwa hiyo, kuwabembeleza watu wazima wasirundike barua. Sugu wao alikuwa Bethwel, meneja wa shamba la maua Naivasha, mwenye barua elfu arobaini na moja ambazo hajafungua. Nerima alimjulisha kwa adabu kwamba kuanzia wiki hiyo, uzito uliozidi ataubeba mwenyewe. Hiyo pia hakuifungua. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Barua tisa kati ya hizo zilitoka kwa Adero, mama wa watu aliyenyunyizia maua dawa bila barakoa. Daktari alishamwambia kifua chake hakitamaliza mwaka. Aliomba ahamishiwe meza ya kupanga maua, basi. Na shambani maombi yote ni kwa barua pepe. Ukimfuata meneja ofisini, unaandikiwa onyo.

Alhamisi Bethwel alishika njia ya Nakuru. Karibu na Gilgil, gari lake dogo lilielekezwa kwenye mizani pamoja na malori.

"Boss, uko na tani kumi na moja," alisema Ogola, karani wa mizani.

"Nimebeba laptopu tu."

"Ndiyo hiyo. Ipunguzie mzigo."

Bethwel alianza kufuta. Mizani haikusonga.

"Kufuta kungekusaidia kabla hujatoka nyumbani," Ogola alimweleza, kwa sababu wiki hiyo alishapata wawili wa aina hiyo. "Saa hii ni kusoma na kujibu. Anza na nzito."

Nzito zilikuwa za Adero. Bethwel alizisoma zote tisa, ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, na alipofika ya mwisho alikuwa anaona haya, hata yeye. Akajibu: ahamishwe leo. Mizani ikashuka tani nzima, na madereva wa malori wakapiga honi. Zilizobaki zilimchukua mpaka Jumapili.

Jumatatu Adero alisimama kwenye meza ya waridi akipumua vizuri, na furaha ilimjaa mpaka akaimba. Saa ya chakula, wanawake kumi na wawili wa kunyunyizia dawa walimzunguka. Wao bado hawakuwa na barakoa.

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli. Mara tisa. Andikeni ndefu, na picha muweke, zile kubwa kubwa."

Waliandika wote kumi na wawili, na mchana walirudi kunyunyizia dawa vilevile, pua wazi. Bethwel hakufungua hata moja.

Huko Nakuru, Nerima aliona seva ikijaa tena. Utaratibu ulimtaka awaonye wanaotuma kupita kiasi. Alisoma majina yao yote, polepole. Kisha, kwa kuwahurumia, akaongeza nafasi ya sanduku la Bethwel mara kumi, pasiwe tena na uzito uliozidi wa kubebwa na yeyote, akaenda kula chapati, moyo mweupe kabisa.