Mlio wa Kwenda Mkuzani

Siku tume ya kuchunguza moto ilipokuja kusikiliza watu, Bwana Misitu alivaa koti lake la kazi, lile la kaki lililopauka mabegani, ingawa alistaafu zamani na hakuna aliyemwambia alivae. Alikaa benchi la mbele, kipyenga mfukoni, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ukumbi wa shule ulifurika hadi madirishani. Ndilo jengo kubwa pekee lililosalimika upande ule wa mji. Ukitoka nje ni kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja, na harufu ya majivu ambayo mvua mbili zilishindwa kuiondoa.

Hakuwa anaiogopa tume. Kwa umri ule wangemfanya nini? Aliyemwogopa alikaa benchi la tatu, karibu na dirisha, kitambaa cheusi kichwani: mdogo wake wa kike, tumbo moja, fundi wa nguo ambaye mji mzima ulimwita Mama Cherehani. Tangu wamzike mumewe hakuwa amemsemesha kaka yake. Si salamu, si kikohozi. Siku ya mazishi alimtazama usoni akamwambia, "Ulimwita, kaka," akageuka, akaenda zake.

Na kweli alimwita. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Aliyeanza kusema mbele ya tume alikuwa mbunge. "Mimi sikuja hapa kumlaumu mtu," alisema, na ukishasikia mheshimiwa anaanza hivyo, jua kuna mtu ataumia. Akamlaumu meya robo saa nzima. Meya naye akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema king'ora cha moto kililetwa na ofisi ya mbunge, basi mbunge aulizwe kwa nini hakikulia. Mbunge akasema kuleta ni kuleta, kuunganisha waya ni kazi ya meya. Meya akasema waya haukuwa kwenye bajeti yake. Wakarushiana mpira hivyo mpaka watu wakaanza kuguna, na mwenyekiti wa tume, mama mmoja jaji mstaafu mwenye miwani iliyokaa puani kwa shida, akagonga meza.

Lakini ajabu ya siasa ni kwamba watu wawili wasiopikika chungu kimoja wanaweza kupatana ghafla wakimwona wa tatu. "Tukubaliane jambo moja," alisema meya. "Siku ile kuna mtu alitoa ishara isiyo rasmi. Akapuliza kipyenga. Akawapeleka wazee wa watu motoni." Mbunge akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama vile marehemu alikuwa mjomba wake. "Hapo namuunga mkono meya," alisema.

Hapo jumba bovu likaanza kumwangukia Bwana Misitu, naye hakuinua hata mkono kulizuia.

Jamani, kipyenga kile! Vijana wa leo hawawezi kujua. Enzi hizo, kati ya mji na msitu wa misonobari wa serikali palikuwa na mkuza, ukanda mpana wa ardhi tupu uliofyekwa mpaka udongo, ili moto ukitoka msituni ufike pale ukose cha kula. Kila kiangazi kikikaribia, Bwana Misitu, wakati huo kijana mwenye soksi ndefu na sauti ya kutisha, alipanda jiwe kubwa lililo mwisho wa mtaa akapuliza: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Maana yake ilikuwa moja tu. Acha unachofanya, chukua panga, njoo mkuzani.

Na watu waliacha kweli. Kinyozi aliwahi kumtelekeza mteja kitini na ndevu za upande mmoja. Mteja naye akachomoka vilevile, akafyeka asubuhi nzima na nusu ndevu, akachekwa mpaka akabandikwa jina la Nusu, na amezeeka nalo. Mwalimu mkuu alikuja na tai shingoni. Wanawake walichemsha chai kwenye mapipa, na aliyechelewa kufika alikunywa masimbi ya chini ya pipa. Ilikuwa kazi, ndiyo, mikono ilitoka malengelenge, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa umri ule alipata wapi rafiki, mume au ugomvi wake wa kwanza, atakwambia mkuzani.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa seremala mmoja kijana, Fundi Randa, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Akikanyaga tu pale alipaza sauti: "Tupo!" Yuko peke yake, lakini anasema tupo. Waliokuwa njiani huitikia wakifika, "Tupo! Tupo!" mpaka ukanda wote unavuma. Bwana Misitu alidhani kijana anapenda kazi. Ilimchukua muda kugundua kwamba kipande anachokikimbilia kila mara ni kile kinachopakana na cha mdogo wake. Anamaliza cha kwake upesi, kisha panga linapotea njia, linaingia kwa jirani.

"Wewe fundi," alimwambia siku moja, "mpaka wako uko huku."

"Nimeuona, bwana mkubwa. Ila nyasi za huku ni ngumu. Nitamwachaje binti wa watu?"

Binti wa watu alikuwa amesimama palepale, panga lake kali kuliko la wote, akicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka uliofuata Fundi Randa alikuwa shemeji. Na kamba ya kipyenga aliyeitengeneza ni yeye bibi harusi, kwa vipande vya kaki vilivyobaki alipompunguzia kaka yake koti. Akavisuka, akavishona ncha. "Ukikipoteza hiki," alimwambia, "utapuliza vidole."

Kisha maendeleo yakaja. Mji ukapata Kitengo cha Maafa. Kitengo kikapata ofisi, ofisi ikapata zulia, zulia likapata watu wa kulikanyaga. Wakasema watu wazima kukimbizana na mapanga kwa sababu ya kipyenga ni ushamba; kufyeka kutafanywa na kampuni. Kampuni ikafyeka msimu mmoja, ikapiga picha, haikuonekana tena. King'ora kikapandishwa juu ya jengo la halmashauri, utepe ukakatwa, keki ikaliwa, watu wakapiga makofi. Hakikuwahi kulia hata siku moja. Mkuza ukaota vichaka, vichaka vikawa pori kweli, na Bwana Misitu akastaafu akakitundika kipyenga kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kila Jumapili alikwenda kula kwa mdogo wake. Baada ya chakula yeye na Fundi Randa waliketi barazani kuzikumbuka enzi zile, wakitia chumvi kila mmoja kwa upande wake, na Mama Cherehani ndani, mguu kwenye cherehani, akiwasahihisha bila kuinua uso. "Mwongo huyo! Siku hiyo hukufyeka, ulikuwa unanitazama mimi." Randa alikuwa akisema, "Siku ukipuliza tena, shemeji, mimi bado nitafika wa kwanza." Walikuwa wanacheka. Nani angejua?

Moto ulikuja mchana, upepo ukivuma kwa nguvu za kung'oa mabati. Bwana Misitu aliona moshi nyuma ya misonobari, akasubiri king'ora. Akasubiri. Alipoona moshi unageuka mweusi na mtaa bado umetulia, mtu ananunua sabuni, mwingine anaanika nguo, alikivuta kipyenga msumarini, akalipanda lile jiwe kwa magoti na mikono.

Alitaka kuwaambia wakimbie. Lakini kipyenga hakina maneno, na katika miaka yote ile hakuwahi kuwafundisha mlio wa kukimbia. Nani alidhani siku moja mkuza hautakuwepo? Mlio alionao ulikuwa mmoja. Akaupuliza.

Vijana walichungulia madirishani wakaulizana ni timu gani inacheza. Wazee, wee! Milango ilifunguka mtaa mzima. Nusu alitoka na panga lenye kutu. Mwalimu mkuu alitoka na fimbo mkono mmoja, jembe mkono mwingine. Walipoinua macho wakauona moshi, wakaanza kugonga milango ya watoto na wajukuu zao, kugombeza, kuvuta watu mashati, huku wao wenyewe wakielekea kulekule walikozoea kuelekea. Walipofika mwisho wa mtaa hapakuwa na mkuza. Palikuwa na vichaka vilivyompita mtu kimo, na moto ndani yake. "Rudini! Mtoni! Kimbilieni mtoni!" Bwana Misitu alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wakageuka, na mtaa wote ukageuka nao. Nyumba ziliteketea, watu walifika mtoni.

Ila mmoja hakugeuka, maana alikwishatangulia. Kabla moshi haujafunika kila kitu, Bwana Misitu aliisikia sauti kule ndani ya vichaka, upande wa kile kipande cha zamani, sauti ya mtu mwenye furaha: "Tupo!"

Sauti ile haikumtoka masikioni. Alikuwa nayo akila, akioga, na alikuwa nayo sasa, mwenyekiti wa tume alipomwambia asimame.

"Mzee, ulipuliza kipyenga siku ile?"

"Nilipuliza."

"Kwa nia ya kuwaita watu kwenye moto?"

"Kwa nia ya kuwashtua, mheshimiwa. Lakini ule ni mlio wa kuja. Wa kukimbia sikuwafundisha. Hilo ni langu, silikatai."

Meya akamgeukia mbunge, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakatabasamu pamoja. Ukumbi ukanung'unika. Nusu alitaka kusema kitu, jirani akamvuta akae. Bwana Misitu hakumtazama yeyote ila yule wa dirishani, na yule wa dirishani alikuwa anatazama nje.

Mwenyekiti alisukuma miwani yake juu. "Tangu asubuhi naambiwa habari za mlio huu, na mimi sijausikia. Unacho hicho kipyenga?"

"Ninacho."

"Tupulizie."

Alikitoa mfukoni. Kamba ilikuwa imeungua upande mmoja, imebaki uzi mmoja tu unaoishikilia. "Mheshimiwa, naomba nisipulize," alisema. "Kuna mtu humu ndani sitaki akisikie tena."

"Naelewa, mzee. Lakini tume haiwezi kuandika habari ya kitu isichokijua."

Basi akapiga moyo konde, akakiweka mdomoni. Mlio mmoja mrefu. Miwili mifupi. Katika ukumbi ule uliofungwa ulilia kwa ukali hata mwenyekiti akafumba macho.

Wazee wakasimama.

Hakuna aliyewaambia. Nusu alisimama, mwalimu mkuu alisimama akiegemea fimbo, kinyozi alisimama, bibi wawili wa benchi la nyuma walioshikana mikono wakasimama, na mikono yao ilikuwa inapapasa chini ya mabenchi ikitafuta mapanga ambayo hayakuwepo. Vijana waliwakodolea macho wazazi wao. Meya na mbunge walibaki wameketi, wakigeuza vichwa, hawajui kimetokea nini. Kisha wazee wakatulia, shingo zimeinuliwa, wote wakisubiri kitu kimoja. Bwana Misitu alijua wanachosubiri. Kabla ya yeyote kuitikia, kulikuwa na mtu wa kuanza, na mtu huyo alikuwa makaburini.

Alitamani ardhi ipasuke.

"Tupo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imekwaruza kwa kulia, imetoka dirishani. Mama Cherehani alikuwa amesimama na wenzake, kitambaa kimemwangukia mabegani, machozi yanamtiririka na hajali kuyafuta. "Tupo," alisema tena, polepole, na wazee wakaitikia mmoja baada ya mwingine, "Tupo, tupo," mpaka vioo vya madirisha vikatikisika.

Mwenyekiti aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia meya. "Nawe, mheshimiwa, king'ora chako kingelia siku ile, watu hawa mliwafundisha waende wapi?"

Meya alimtazama mbunge. Mbunge alikuwa amepata jambo la kusoma kwenye simu yake.

"Nimeuliza," alisema mwenyekiti, "na nina siku nzima."

Bwana Misitu hakusikia jibu, kama lilikuwepo. Mdogo wake alikuwa anapita katikati ya mabenchi, watu wanampisha, mpaka akasimama mbele yake. Alikuwa amekonda. Alimtazama koti, kola, kifungo kilichokuwa kinaning'inia.

"Mume wangu angeuona moshi angekwenda, hata usingepuliza," alisema. "Nimeishi naye, namjua. Nilikuwa najua hata siku ile ya mazishi. Ila nilitaka kuwe na mtu wa kumkasirikia, na wewe ulikuwa karibu."

"Nikasirikie tu," alisema kaka yake. "Mimi sina tatizo."

"Nyamaza." Akanyoosha mkono, akaishika ile kamba iliyoungua, akaipekua kwa kidole gumba kama anavyopekua pindo la nguo ya mteja. "Tazama ulivyoiharibu. Njoo nayo Jumapili, nikushonee nyingine."

Cherehani yake iliungua pamoja na nyumba, na wote wawili walilijua hilo. Bwana Misitu aliikata kamba palepale akampa mkononi, asije akabadili mawazo.