Mpaka Neno Liishe

Kezia aliponipigia simu kuniambia kwamba babake, rafiki yangu Nyaga, atapanda jukwaani kule Alief, Houston, kuigiza mtumishi, niliacha chai mezani kwangu Arlington, huku huku Texas, nikaingia garini. Nilikuwa naenda kuuzuia mchezo huo.

Nyaga na mimi tulikuwa wahudumu katika klabu moja ya walowezi karibu na Nanyuki, miaka ile bendera ilikuwa imeshabadilishwa lakini tabia bado. Tuliitwa kwa kengele, na baada ya kengele, "Boi." Kulikuwa na mpishi mwenye wajukuu aliyeitwa boi na vitoto visivyofika urefu wa meza. Siku moja Nyaga aliitwa hivyo katikati ya ukumbi. Akaweka sinia sakafuni, akatoka, hakurudi. Mimi nilibaki, nikajifundisha kusoma kwa magazeti yao ya kufungia nyama, na tangu hapo sijanyamaza. Wafagiaji wa Nairobi niliwaongoza kwenye mgomo, na wenye nyumba wa Arlington wananijua kwa kuwatetea wapangaji. Nasahau nilipoweka miwani, lakini sauti ile siisahau. Sasa binti yake mwenyewe, mwalimu wa maigizo Houston, amemrudishia sinia.

Nilimkuta Kezia akipanga viti ukumbini. Nikamuuliza kama digrii ndiyo imemfundisha kumdhalilisha mzazi mbele za watu. Hakukasirika. Alinieleza kwamba yote yalianza na neno moja kuukuu katika tamthilia za Waingereza za miaka mia nne iliyopita: "sirrah", namna ya kumwita aliye chini yako. Alilifuata tamthilia baada ya tamthilia. Mfalme alilitumia, hakimu, tajiri, mume mlevi. Hata baba alilitumia kuwaita wanawe, pengine kwa mapenzi. Lakini katika zote alizosoma, hakumkuta mtumishi akimwita bwana wake hivyo. Neno lilishuka tu, kama maji ya paa. Basi kutoka kila tamthilia akachukua pale tu mtumishi anapoitwa, akaviunganisha vipande hivyo. Watumishi walikuwa wengi, wengine hawakupewa hata jina. Yeye akawafanya mtu mmoja.

"Na mtu huyo lazima awe babako?"

"Anko, ni yeye aliyeomba."

Nyaga alikuwa nyuma ya pazia akifunga vifungo vya koti jeupe. Aliponiona akacheka. "Mheshimiwa, hasira yako imetoka Arlington mpaka hapa bila hata kusimama kuweka petroli?"

Nikamwambia avue koti hilo twende zetu. Akaendelea na vifungo vyake.

"Kule klabuni niliondoka kabla neno lile halijaisha, Mutuku. Limenifuata mpaka nyumbani kwa binti yangu, Pearland. Leo nataka nilisikie mpaka liishe. Nenda ukae."

Nikakaa.

Ukumbi ulijaa manesi wa kwetu Kenya waliotoka zamu moja kwa moja, sare zikiwa bado mwilini. Jukwaani wanafunzi wa Kezia walisimama juu ya masanduku, mmoja na taji, mwingine na joho la hakimu, mwingine na kofia ya manyoya. Wa kwanza akaita: sirrah, mvinyo. Nyaga akatokea na sinia lenye kikombe kimoja. Kabla hajafika, hakimu akaita. Akageuka. Tajiri akaita. Akageuka tena. Nimesoma historia nyingi kwa nguvu zangu mwenyewe, lakini sikuwahi kuona karne zikipita mbele ya macho yangu, mabwana wakibadilika na sinia likibaki lile lile. Ulimwengu mzima wa wafalme, na hakuna aliyeweza kunywa maji bila mtu huyu. Tena waliyaandika haya wenyewe, kwa mikono yao, wakaona ni kawaida.

Kisha Nyaga akapunguza mwendo. Kikombe kikagongagonga juu ya sinia. Mwatime, nesi wa Likoni aliyekuwa kiti cha mbele kando yangu, akainuka. Kwao, na kwetu sote, mzee hapiti na mzigo mbele yako nawe umekaa. Sidhani alikumbuka kwamba ni mchezo. Alipanda jukwaani akasema kwa sauti ya chini, "Baba, lete nikupokee." Akachukua sinia, akamshika kiwiko, akamshusha na kumketisha kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye.

Kezia alijishika kichwa. Ulikuwa umebaki mwito mmoja, wa mfalme. Mfalme alikuwa Sheldon, kijana wa hapa hapa Texas ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Alimwangalia mwalimu wake, naye Kezia akamwangalia babake. Wangeishia pale, neno lingemkatikia Nyaga kwa mara nyingine.

Nyaga akapunga mkono, kama dereva anayempisha mwenzake. "Endelea, mwanangu. Maliza."

Sheldon akaugeukia ukumbi. "Sirrah."

Manesi hawa ni watu wanaoinuliwa na kengele za wagonjwa kutwa nzima. Miguu yao huamka kabla ya masikio. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa ukali. Akaita tena, na sasa sauti ilikuwa karibu kusihi. Nikasikia ndani ya neno lile kitu ambacho katika hasira yangu yote sikuwahi kukitafuta: mfalme alikuwa peke yake, ana kiu, na anaogopa.

Mwatime alikuwa bado amesimama na sinia. Akalitua, akachukua kikombe, akampa Nyaga kwa mikono miwili. Nyaga akanywa polepole, sauti ya Sheldon ikififia darini.

"Limeisha?" nikamnong'oneza.

Akainua kidole ningoje. Akasikiliza. Kisha akaweka kikombe chini ya kiti.

"Sasa."