Pete ya Vipande Kumi na Viwili

Mwaka 1991 vipuri vilikuwa vimeacha kutufikia kutoka Ulaya, na turbini ya kiwanda chetu ilikuwa imepasua pete kwa mara ya pili. Ni pete ya chuma inayozunguka mabawa ya turbini, karibu kuyagusa. Mkurugenzi wetu, Bwana Twagirayezu, alinipa jaribio moja la kutengeneza pete mpya hapahapa. Likishindikana, nirudi kumpigia chapa barua zake, mimi Mukandekezi mwenye diploma ya uhandisi ya chuo cha Liège. Alisema hivyo akitabasamu, nami nilimchukia kwa dhati.

Kasoro niliijua. Chuma kikipata moto hutanuka. Kikibanwa, hujikunja au hupasuka. Basi nikachora pete ya vipande kumi na viwili, na kati ya kipande na kipande mwanya mwembamba kama ukucha.

Kazi nikampa Salvator wa mtaa wa Muhima, fundi wa kuchomelea ambaye mshono wake huugundui hata ukiupapasa. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Madame, hii iko na mianya."

"Fuata mchoro, Salvator."

"Watu wataona, watasema nimezeeka."

"Fuata mchoro." Sikuwa na subira ya kumfundisha mchomeleaji fizikia.

Jumatatu asubuhi nilikuta ameshaifunga pete ndani ya mashine. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tukawasha. Dakika ya tisa chuma kikaanza kusaga chuma, kelele ya kutia kichaa, na Mkurugenzi akaizima kwa mkono wake.

Tulipofungua, niliona pete moja, nzima, imejikunja kwa ndani. Mianya yote kumi na miwili ilikuwa imejazwa na kusuguliwa hadi ikang'aa.

"Nani alifanya hivi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni mimi," Salvator akajibu upesi. "Sikutaka watu waseme mchoro ya Madame iko na makosa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Fundi alielezwa mianya ni ya nini?" Mkurugenzi akaniuliza mimi.

"Hapana," nikasema. "Sikumweleza."

Salvator akanigeukia. "Ilikuwa ya nini, Madame?"

Nikamweleza hapohapo, mbele ya mashine. Haikuchukua hata dakika moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua koti lake, akalikunja taratibu.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

Jumanne nilirudi kwenye mashine ya kupigia chapa barua.