Maji ya Saa Nne

Meneja mpya wa kivuko alikuwa mtu wa saa. Wiki yake ya kwanza aliwaandikia barua za onyo walinzi na mafundi waliochelewa kazini. Wiki ya pili akayageukia maji ya bahari.

Alhamisi alimwita mpima maji, ambaye wote pale walimwita Mzee Rula, akamtandazia jedwali lake mezani. Jumatatu maji yalijaa saa nne asubuhi, Jumanne saa tano kasoro dakika kumi, Jumatano saa sita kasoro dakika ishirini. Meneja alitaka kujua nani anayaruhusu kuchelewa hivyo kila siku, na hatua gani zimechukuliwa.

Mzee Rula alimweleza taratibu kwamba maji huufuata mwezi. Dunia ikimaliza mzunguko wake, mwezi nao umeshasogea mbele, na dunia huhitaji dakika kama hamsini kuufikia tena. Meneja alisikiliza huku akitazama saa ya mkononi.

"Mzee wangu, mwezi si mfanyakazi wetu. Jumatatu maji yalijaa saa nne, nimeyaona mwenyewe. Jumatatu ijayo tunashusha kivuko kipya saa nne. Tia sahihi."

"Jumatatu ijayo saa nne yatakuwa yamekupwa, bosi."

Sahihi hiyo manahodha walikuwa wameiamini miaka thelathini. Mzee Rula akamrudishia kalamu. Meneja akatia sahihi yake mwenyewe, yenye mikia mingi, na kabla ya adhuhuri Mzee Rula alikuwa stoo akihesabu ndoo.

Jumatatu ikafika, siku moja baada ya mwezi mpevu. Wageni walikaa chini ya turubai, viatu vinang'aa. Saa nne kamili kamba ikakatwa. Kivuko kikateremka kwa madaha, kikafika chini, kikazama tumbo zima kwenye tope na kulala ubavu. Maji yalikuwa kule mbali, hayana habari.

Meneja akaja stoo mbio, tope hadi magotini.

"Mzee, wageni wanauliza yatarudi saa ngapi."

"Mimi siku hizi mtu wa stoo, bosi. Ila ndoo zipo kumi na mbili, kama unataka kuanza kuyachota."

Meneja akamnyooshea kalamu, safari hii kwa mikono miwili. Mzee Rula akaandika: saa kumi kasoro dakika kumi. Akatia sahihi.

Yalifika kwa wakati.