Nyumba ya Kamba

Fundi mwashi alipomaliza tu kupigilia vigingi na kuvuta kamba za msingi, uvumilivu ulinishinda. Nilimvuta mama mpaka kiwanjani, mbio mbio, kama mtoto anayemvuta mzazi dukani.

"Mama, fikiria hapa ni sebule. Pale mlango. Na huku chumba chako, fikiria jua la asubuhi linaingia dirishani."

"Mimi naona kamba na vumbi."

"Ndiyo maana nasema fikiria."

"Tangu tufike ni fikiria, fikiria. Mtu halali ndani ya fikiria, mwanangu."

Damu ilinichemka. Miaka yote hii ya kupanga nyumba za watu, leo yangu imelala chini na kona zake zote, halafu mama yangu mzazi ananivunja moyo. Nikamwacha palepale, nikaenda kumwonyesha fundi jiko litakapokaa, mdomo nimeuvuta.

Mara mume wangu akafika kutoka kazini, meno yote nje. Akaruka kamba ya kwanza, akaruka ya pili, akatua katikati ya chumba cha mama.

"We mkwe." Sauti kali ilitugeuza wote.

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, penye dirisha lake, akiota jua. Viatu vyake alikuwa ameviacha nje ya kamba, pale penye mlango.

"Chumbani kwangu unaingia kwa kupita ukutani? Toka, uzunguke, ubishe hodi."